Bwana X Anashuka Hapa 46

Desemba 1945, Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alipokea Tuzo ya Nobel na kutoa onyo kwa hadithi. Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini, anameza kidogo: haitoshi kuua vijidudu, ila inatosha kuvifunza ukaidi. Anamwambukiza mkewe, mke anashikwa na nimonia, dawa inakataa, anakufa. Nani wa kulaumiwa? Fleming alijibu: Bwana X na uzembe wake.

Huyo Bwana X mimi namjua. Anashuka matatu hapa 46 saa moja jioni, ametoka mjengo, anaingia kemisti na soo mfukoni. Anaomba kapsuli sita. Sheria inataka karatasi ya daktari, na hapo dukani hakuna asiyejua, hata muuzaji. Lakini daktari ana bei yake, maabara nayo ina yake, na kesho asipofika kazini halipwi. Sasa mwite mzembe.

Sisemi hana hatia. Kijidudu sugu hakiulizi ulikuwa na pesa ngapi, na jirani ataugua vilevile. Makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet yanasema usugu wa bakteria uliua watu milioni 1.27 mwaka 2019. Swali langu ni kwa nini kila mtu anaanza na yeye.

Kenya ilitoa sera yake kuhusu usugu wa dawa mwaka 2017. Usafi na kuzuia maambukizi vimo ndani, sina ubishi. Ila kinachotufikia huku mtaani ni maagizo tu: usinunue bila karatasi, maliza dozi. Maji bado tunanunua kwa jerikeni.

Kibera, ambako taifodi sugu imechunguzwa miaka mingi, utafiti uliochapishwa 2021 ulihusisha kubeba bakteria sugu na mazingira watu wanamoishi. Yaani unaweza kumaliza dozi zako zote kama mtoto mzuri, na bado ukabeba kijidudu kilichopita kwenye mtaro wa mwingine. Fleming hakumpa Bwana X mtaro.

Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi. Hiyo naielewa. Mtoto asiyeugua hatafutiwi kapsuli, na hakuna aliyemhubiria mamake kwanza.

Kuna wanaotaka kemisti zinazouza bila karatasi zifungwe zote. Sawa, zifungeni, lakini siku ambayo kliniki ya serikali itakuwa wazi saa moja jioni, ikiwa na kipimo na dawa ndani.