Bahari Haikuukimbia Mji wa Malindi

Ndugu Waislamu, twasikia wengine wakisema bahari imeukimbia mji wa Malindi. Haikukimbia, ni ufuo uliosogea mbele. Mto Sabaki huteremsha udongo mwekundu wa mashamba ya bara, hata wa Ukambani, na kaskazi ivumapo maji hayo husukumwa kusini mpaka mbele ya mji. Mchanga hutuama ufuoni, upepo ukaupandisha kuwa vilima. Tope laini huyafunika matumbawe, makazi ya samaki wetu. Mwenyezi Mungu amekijaalia kila kitu kipimo, nasi twakivunja kwa kukata miti kandokando ya mto na kulima miteremko bila matuta. Wala tusiwalaumu watu wa bara peke yao: wachotao mchanga wa vilima kwa kujengea waivunja boma izuiayo mawimbi.