Kiti cha Mgeni Aliyekuja Peke Yake



Katika Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya pili, twasoma habari za arusi ya Kana. Huwa twakumbuka mitungi sita ya mawe, na maji yaliyogeuka kuwa divai. Leo tuwatazame wageni. Mwinjili aanza kwa kumtaja Mama wa Yesu kwamba alikuwako. Kisha asema kwamba Yesu na wanafunzi wake nao walialikwa. Yosefu hatajwi. Mapokeo ya kale yadhani kwamba siku zile alikuwa amekwisha kufa. Basi Bikira Maria alikuwa arusini pasipo mume kando yake, kama walivyo wajane wetu. Naye ndiye aliyetambua kwamba divai imekwisha. Kama wenye arusi wangalimwacha mlangoni, ni nani angaliiona aibu iliyowakaribia?

Nasema neno hili kwa sababu mimi mwenyewe nimekosa. Miaka michache iliyopita, hapa kwetu Bijombo, niliombwa kupanga mahali pa kuketi siku ya arusi, kwa kuwa mabenchi yalikuwa ya shule nami ni mwalimu. Nikayapanga kama ilivyo desturi: upande mmoja jamaa ya bwana arusi, upande wa pili jamaa ya bibi arusi, na mbele wazee na watu wa heshima. Nikaitazama kazi yangu, nikaona ni njema.

Chakula kikatolewa, sinia moja kwa kila kundi. Ndipo nikamwona mama mmoja mjane amesimama karibu na ua, kikapu chake mikononi. Alikuwa rafiki wa bibi arusi, wala si ndugu wa upande wo wote. Hapakuwa na mtu aliyemnyima kwa uchoyo: kila mgawaji alidhani kwamba mama yule ni wa sinia la jirani. Nilipomwendea ili nimtafutie mahali, alinikabidhi unga aliouleta, akasema kwa upole, “Mwalimu, maharusi nimewaona, yatosha.” Akashika njia ya kwao kabla ya hotuba. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

Ndugu zangu, mama yule hakutukanwa na mtu, wala hakufukuzwa. Alisahauliwa tu. Na aliyemsahau ni mimi, niliyehesabu mabenchi nisihesabu watu. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, awakemea Wakristu wanaompa tajiri mahali pazuri, na kumwambia maskini asimame au aketi chini miguuni pao. Mimi sikumwambia mama yule neno lo lote. Lakini mpango wangu ulisema badala yangu.

Tena, wageni wa namna hii ni wengi katika milima yetu. Yuko mjane, yuko mwalimu au muuguzi aliyetumwa kutoka mbali, yuko mchuuzi aliyepanda kutoka Uvira, yuko mke ambaye mumewe yuko machimboni. Na tangu mapigano ya miaka ya 2019 na 2020 yalipoteketeza vijiji vingi vya nchi hii ya juu, wako waliotawanyikana na jamaa zao, wakawa wageni hata mahali walipozaliwa. Mtu kama huyo aweza kupokea mwaliko kwa furaha, kisha akaogopa kuja, kwa maana hajui atakwenda kuketi na nani.

Basi, tufanyeje?

Kwanza, majina yaandikwe kabla ya mabenchi kupangwa. Wenye arusi waulizane: Huyu atakuja na nani? Ambaye jina lake limesimama peke yake, atafutiwe jirani tangu siku ile.

Pili, wapweke wote wasikusanywe katika benchi moja. Hilo litakuwa benchi la huruma, na kila mtu atalitambua. Mmoja aketi na wenzi wa ndoa wapole, mwingine kati ya mama wa jumuiya yake.

Tatu, tuangalie lugha. Hapa kwetu pana Wafuliiru, Wanyamulenge, Wanyindu, Wabembe na Wavira. Mgeni aketishwe karibu na mtu atakayeongea naye; na pasipo mtu wa lugha yake, majirani watumie Kiswahili, asibaki kutazama midomo ya watu.

Nne, ajulikane ni wa sinia gani. Kila kundi liwe na mtu mmoja atakayesema mbele ya wagawaji, “Huyu ni wetu.”

Tano, tusimwache wakati wa kurudi. Njia zetu ni ndefu, na usiku wa mlimani una baridi. Apewe mahali pa kulala, au mtu wa kumsindikiza.

Katika wosia wake juu ya jamaa, *Familiaris Consortio*, wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwakumbuka wale wasio na jamaa, akafundisha kwamba Kanisa ni nyumba na jamaa ya watu wote. Fundisho hilo litaaminikaje siku ya arusi, ikiwa mbatizwa mwenzetu amesimama uani na kikapu chake?

Arusi iliyofuata, nilimwendea mama yule nyumbani kwake, nikamwomba radhi, nikamwambia mahali atakapoketi na watakaokula pamoja naye. Alicheka, akauliza, “Kumbe mmeniandika?” Naam, tulikuwa tumemwandika.

Azimio: Katika arusi ijayo, kabla sijaketi, nitatazama uani.

Tuombe: Ee Maria, uliyekuwa mgeni wa Kana, utufundishe kuwaona wale wasioonwa, ili siku ya karamu ya mbinguni Mwanao atuonyeshe mahali petu. Amina.