Ukiitwa, Usiogope Kuja



Wapendwa vijana wenzangu, leo tujifunze jambo kutoka kwa mtoto wa mbwa. Msicheke kwanza. Hata katika Kitabu cha Tobiti kuna mbwa anayesafiri pamoja na Tobia na malaika Rafaeli.

Hapa Babati mbwa asiyekuja akiitwa yuko hatarini. Barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma inapita mjini, malori hayamsubiri mbwa, na bodaboda ndiyo usiseme. Kwa hiyo mdogo wangu anamfundisha Simba, mtoto wa mbwa wa pale nyumbani, neno moja tu: "Njoo!"

Alianzia karibu, hatua mbili tatu, ndani ya uzio pasipo na kelele. Anachuchumaa na kumwita mara moja kwa sauti ya furaha. Simba akifika, anapata dagaa mmoja na kupapaswa kichwa. Halafu anaachiwa arudi kucheza, ili asidhani kwamba kuja ndiyo mwisho wa raha. Siku zikienda, umbali unaongezwa, na kamba ndefu inafungwa shingoni asije akapotea. Akizubaa hakimbizwi, maana ataona ni mchezo na kuzidi kwenda. Mdogo wangu anageuka na kukimbia upande mwingine, na Simba mwenyewe anamfuata.

Na hata akichelewa vipi, akifika hachapwi. Mbwa haelewi kwamba anachapwa kwa kuchelewa. Anachokumbuka ni kwamba alikuja, akapigwa. Kesho haji.

Sasa fikiria mbwa anayeitwa asubuhi ili afungiwe bandani, na jioni ili achapwe kwa sababu ya kiatu alichotafuna. Akisikia jina lake anakunja mkia na kujificha. Tunamwita mkaidi, kumbe amefundika vizuri sana: amejifunza kwamba kuitwa ni hatari.

Nayasema haya kwa sababu kijana mmoja aliniambia, "Frateri, huu mwaka wa nne sijaungama. Naanzaje? Padre si atanishushua tu?" Nilimwelewa. Wengi wetu tumekua tukijua kwamba ukiitwa na mkubwa, kuna fimbo inakusubiri. Basi tunajumlisha: na Mungu ni vivyo hivyo.

Lakini soma Maandiko taratibu. Adamu alipojificha bustanini, Mungu ndiye aliyemtafuta na kumwita. Adhabu ilikuwepo, ndiyo, ila kabla ya kuwatoa bustanini Mungu aliwatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika. Samweli aliitwa mara tatu akakimbilia kwa Eli, na Mungu hakumkaripia, akamwita mara ya nne. Yule mwana mpotevu alikuja na hotuba yake ameshaipanga, baba hakumwacha aimalize. Wala hakuuliza hela zimeishia wapi.

Utasema, "Frateri, mimi si mbwa." Kweli kabisa. Mbwa anafuata dagaa. Wewe una akili na hiari, unaweza kumpenda anayekuita, na unaweza pia kukataa. Wala kitubio si mchezo: kuna majuto, kuna malipizi. Ila malipizi si fimbo, ni dawa. Na ulichoungama kinabaki pale pale, kwa maana padre amefungwa na siri ya kitubio asiyeweza kuivunja kwa sababu yoyote ile.

Aristotle alifundisha kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino akalipokea fundisho hilo. Basi tuanzie karibu. Dakika tano za kupima dhamiri kabla ya kulala. Kuomba msamaha siku ile ile. Ukizoea kuitikia wito mdogo uani, utausikia hata siku lori linapokuja.

Na sisi tunaowaita wenzetu, viongozi wa VIWAWA na TYCS, wazazi, makatekista, nasi mafrateri, tujiangalie. Kijana anarudi jumuiya baada ya mwaka mzima, na salamu ya kwanza ni, "Heee, leo umetukumbuka!" Jamani, hiyo ni fimbo. Amekuja, tumempiga. Wiki ijayo tusishangae kuona kiti chake kitupu. Mkaribishe, mpe nafasi akae, muulize habari za nyumbani. Mengine yatafuata.

Wewe uliyekaa mbali muda mrefu, wiki hii muulize padre wako saa za maungamo. Huhitaji hotuba. Mwambie, "Padre, ni siku nyingi, naomba unisaidie kuanza." Inatosha.

Tuombe: Bwana Yesu, Mchungaji Mwema, unatujua kwa majina. Tuondolee hofu ya sauti yako, na utufanye sisi kuwa sauti ambayo wenzetu hawataiogopa. Amina.