Mnyama Aliyeumia Vibaya: Je, Ni Halali Kumwua kwa Huruma?

Liko swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ndogo, maana waogopa kuchekwa. Ni hili: mnyama wa nyumbani akiumia hata hakuna tumaini la kupona, je, ni halali kumwua ili apumzike, au imetupasa kumwacha mpaka afe mwenyewe?

Hapa Mnazi Mmoja na Kariakoo swali hili si la mbali. Njia ya Msimbazi na njia ya Uhuru zimejaa pikipiki, bajaji na mikokoteni, na tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka nayo hufika Gerezani. Paka wa nyumbani na mbwa mlinzi huishi katikati ya msongamano huo, na wengine hugongwa. Paka huonekana akijikokota kwa miguu ya mbele, na ile ya nyuma imelegea kama kamba. Watoto hulia. Baba asema, “Mkamtupe.” Bibi asema, “Mwacheni, Mungu atamchukua mwenyewe.” Kijana atwaa jiwe. Nani katika hawa amesema neno la haki?

Kwanza tuwajibu wale wasemao kwamba paka ni paka tu, wala si shauri la watu wazima. Kitabu cha Mithali (12:10) huuweka uhai wa mnyama katika hesabu ya haki ya mtu. Torati (Kutoka 23:5) humwagiza mtu amsaidie punda aliyelemewa na mzigo, hata ikiwa mwenye punda ni adui yake. Naye Nathani, alipotaka kumwonyesha mfalme Daudi dhambi yake, alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake aliyelala kifuani pake. Na mfalme hakucheka, bali aliwaka hasira. Majirani zetu Waislamu nao husimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza katika Tanzania kumtesa mnyama. Basi jambo hili si la kitoto.

Sasa tulipime neno la bibi. Lina uchaji ndani yake, maana uhai si mali yetu. Lakini tuangalie linatenda nini. Mnyama aliyewekwa nyuma ya nyumba bila maji wala dawa, huku siafu wakimpanda, hakuachwa mikononi mwa Mungu. Ameachwa mikononi mwa siafu. Sisi tuliomfuga, tukamzoeza kula mkononi petu, ndio tuliopewa kumtunza. Kutotenda neno nako ni kutenda.

Habari ya kweli yaweza kutusaidia. Mwaka 1928, katika makao ya Gandhi huko Sabarmati, Bara Hindi, alikuwako ndama aliyeumia, amelala kwa maumivu makali, na mganga alisema hana msaada tena. Gandhi alikuwa mtu aliyefundisha kutodhuru kiumbe cho chote, na katika nchi ile ng'ombe huheshimiwa sana. Hata hivyo, baada ya kushauriana na wenzake, alimwita daktari ampige ndama sindano ya sumu, naye mwenyewe akawapo. Watu wengi walimwandikia barua za hasira. Yeye alishika kwamba kutodhuru si kujizuia mkono tu, bali ni kutafuta mema ya yule anayeumia. Albert Schweitzer naye, mganga wa Lambaréné aliyefundisha kuuheshimu uhai wote, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya fikira za Wahindi kwamba kumwua kwa huruma mnyama ambaye maumivu yake hayawezi kutulizwa kwaweza kuwa bora kuliko kusimama kando.

Twakubaliana nao. Lakini neno hili lina hatari, maana mtu aweza kusema “huruma” na huku moyoni akitaka kuepuka taabu na gharama. Kwa hiyo aulizwe kwanza ajuaye, yaani daktari wa mifugo. Paka mwenye mguu mmoja uliovunjika aweza kupona, na hata akikatwa mguu huo huishi vizuri kwa mitatu. Nyonga iliyovunjika mara nyingine huunga kwa kufungiwa mahali padogo kwa majuma kadhaa. Lakini uti wa mgongo ukikatika, asisikie miguu yake wala asizuie mkojo, shauri ni jingine. Tena tuonye: msimpe paka Panadol. Dawa hiyo ituponyayo sisi humwua paka kwa mateso. Na mtu akiumwa na mnyama aliyejeruhiwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yapitayo kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali upesi kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Je, na asiye na fedha ya matibabu? Hatumtwiki mzigo. Ada ya shule ya mtoto haipaswi kuuzwa kwa ajili ya mguu wa paka. Ikiwa tiba haipatikani na maumivu hayaishi, kifo cha upole si dhambi ya umaskini. Lakini kiwe cha upole kweli: si jiwe la kijana, si sumu ya panya, wala si gunia mtoni. Sindano ya daktari humlaza mnyama kwanza, ndipo moyo husimama. Kisha azikwe chini sana, maana dawa iliyomo mwilini yaweza kumdhuru mnyama mwingine atakayemla.

Limebaki swali gumu kuliko yote. Gandhi aliulizwa kama kanuni yake ingefaa kwa wanadamu pia, naye alijibu kwamba kanuni ni moja, ingawa kwa desturi tunayo njia ya kuwasaidia wagonjwa wetu, nao waweza kujiamulia. Hapa twaachana naye. Mnyama hajui ila maumivu ya saa ile, wala hatuwezi kumweleza sababu yake. Mwanadamu aliye kitandani bado aweza kusamehe na kusamehewa, kuomba maji, kumbariki mjukuu wake. Na hata asipoweza kunena, yu ndugu yetu, si kitu tulichofuga. Siku wazee wetu watakapoanza kujiuliza kama wamekuwa mzigo unaostahili sindano, hapo huruma itakuwa imegeuka tisho. Huruma ile ile imwondoleayo mnyama mateso yatuamuru kukaa karibu na mgonjwa, kumtuliza maumivu, na kungoja pamoja naye.

Basi, baba asimtupe, wala bibi asimwache, wala kijana asiokote jiwe. Na waketi pamoja, wamwulize daktari, kisha wakate shauri mbele ya watoto bila kuwadanganya kwamba paka amepotea. Na ikiwa shauri ni kifo, mmoja wa wale aliowazoea na amshike mpaka mwisho, asife mikononi mwa wageni.