Garanti Imeliwa

Ukitafuta nyumba ya kupanga Bujumbura hutakosa wasindikizaji. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, atakutembeza Buyenzi, Nyakabiga hadi Kinindo, akifungua kila geti kwa mbwembwe, maana riziki yake imo ndani ya kodi ya mwezi wa kwanza. Mwenye nyumba atakukaribisha kwa tabasamu na kukuonyesha bomba linavyotoa maji. Mkuu wa nyumbakumi naye atataka mwandikwe kwenye kaye ya kaya, wewe, watoto na mtumishi wa nyumbani. Siku ya kuhama huwaoni hata mmoja. Komisioneri alikwisha kula chake zamani. Mnabaki wawili, mpangaji na mwenye nyumba, na kati yenu ile pesa uliyoitoa siku ya kuingia, garanti.

Hapo tabia za watu hubadilika. Ukuta uliofanya ukungu tangu masika sasa umeharibiwa na watoto wako. Kitasa ulichokikuta kimelegea kinadaiwa kuwa kilikuwa kipya. Umeme wa CashPower umetuepusha na ugomvi mmoja, kwa kuwa hulipiwa kabla ya kutumika, lakini maji ya shirika la Regideso huja na bili nyuma, na juu ya bili hiyo umevunjika urafiki mwingi. Halafu zinaanza tarehe. Njoo Jumatatu. Njoo mwisho wa mwezi. Mwisho kabisa linakuja neno ambalo wapangaji wengi wa mji huu wamelisikia: ngoja kidogo, mpangaji mpya akiingia nitakupa.

Katika maneno yote ya siku hiyo, hilo ndilo la kweli. Mwenye nyumba amekiri, pengine bila kukusudia, kwamba garanti yako haipo. Ililipia karo, au bati, au arusi ya binti, na sasa itarudishwa kwa garanti ya mtu ambaye bado hajapatikana. Huyo naye, siku yake ikifika, atamngoja mwingine. Na wewe unayengoja huwezi kuingia unakohamia, kwa sababu na huko wanataka garanti mkononi. Kwa hiyo ucheleweshaji wa mwenye nyumba mmoja hauishii kwenye geti lake.

Nashangaa kwamba jambo hili hutokea hata Buyenzi, mtaa wa misikiti, ambako mtoto hufundishwa habari ya amana kabla hajamaliza chuo. Anayewekewa amana haitumii bila idhini ya mwenyewe, na akiitumia, amana hiyo inageuka deni shingoni mwake. Wanazuoni hawakuacha shaka kwamba mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu. Lakini garanti tumeifanya kitu cha tatu, si amana wala deni. Mwenye nyumba huihesabu kuwa mapato, mpangaji huihesabu kuwa akiba, na kwa miaka yote hiyo hakuna anayemuuliza mwenzake.

Kungoja nako kuna gharama. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franga 2,100 kwa bei ya benki. Mei mwaka huohuo Benki Kuu iliishusha franga, dola ikapita 2,800, na bei ya mtaani ilikuwa juu zaidi. Aliyeweka garanti kabla ya hapo na kurudishiwa baadaye alipewa noti zilezile kwa hesabu, lakini sokoni zilinunua mchele pungufu sana. Sheria haimlazimishi mwenye nyumba kufidia anguko la franga, na sidhani ingefaa imlazimishe. Lakini anayejua kwamba pesa inayeyuka, akaishikilia miezi mingine mitatu bila sababu, asijifariji kwamba amerudisha yote.

Wenye nyumba nao tusiwafanye wote matajiri wa Kiriri. Wengi ni wajane na wastaafu waliohamia aneksi ya nyuma ili nyumba kubwa ipangishwe ilipe karo. Wapo walioamka wakakuta mpangaji ameondoka usiku na deni la miezi, bili ya Regideso ikiwa imelala pale. Na ipo 2015, mwaka wa machafuko ya kisiasa. Mwaka ule mitaa kama Cibitoke, Musaga na Nyakabiga ilitokwa na watu wengi. Wapangaji walikimbia na mabegi, wenye nyumba nao walikimbia, na kwenye milango mingi hapakuwa na wa kumkabidhi mwenzake ufunguo. Siwezi kumlaumu aliyetoka mwaka ule akiwa na shaka na kila anayesema anahama.

Shaka hiyo imezaa hila upande wa pili. Mpangaji akishaamua kuondoka, anaacha kulipa miezi ya mwisho na kusema anakula garanti yake. Ninaelewa kwa nini anafanya hivyo, na bado naona amekosea. Garanti iliwekwa kwa ajili ya kioo kilichovunjika na bili iliyobaki. Ukiila kwa kukaa ndani, umemhukumu mwenye nyumba kuwa mdhulumaji kabla hajadhulumu, ukamwachia bili mkononi. Mkikubaliana, mkaandika, ni halali yenu. Kuila kimyakimya ni udhalimu uleule, umebadilisha mikono tu.

Wengine huuliza sheria iko wapi. Ipo, na ni kongwe: sheria ya mikataba tuliyoachiwa na Wabelgiji inatokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili. Kwa mapokeo yake, mpangaji anatakiwa kuitunza nyumba kama baba mwema wa familia, na pasipo na mkataba wa maandishi muda wa notisi hufuata desturi ya mahali. Naipenda sehemu hiyo ya pili. Desturi ya mahali haikai Brussels wala kwenye makabati ya mahakama. Inatengenezwa na sisi tunaopangishana.

Na desturi ya Burundi haikuwa watu wawili kumalizana peke yao nyuma ya geti. Bashingantahe, wazee waamuzi wa jadi, walikaa katikati, wakasikiliza pande zote mbili, watu wakiona. Sheria ya 2021 imerudisha baraza la wazee wa mtaa na kilima, abahuza, na mwaka uliofuata walichaguliwa. Wengi huona aibu kuwapelekea habari ya kitasa na garanti ya miezi miwili. Kwa maoni yangu kesi hizi ndizo zao hasa, kabla hazijafika tribinali na kula pesa nyingi kuliko zinazogombewa.

Lakini hata kabla ya abahuza, anayehama anaweza kujisaidia. Toa notisi mapema, kwa maandishi, hata kama uliingia kwa mdomo. Lipa Regideso na ushike risiti. Siku ya funguo mwite jirani mmoja, naye mwenye nyumba amwite wake, mpite chumba kwa chumba, msome mita, muandike nusu ukurasa na wote wanne watie saini. Pasipo karatasi hiyo, kila mmoja anabaki na kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya mwenye kudai haijawahi kupungukiwa.

Nawe mwenye nyumba, pesa ile si mapato yako. Kama imeliwa, mwambie mpangaji kwamba imeliwa, mtajie siku ya kumlipa na kiasi, uandike, halafu siku hiyo mlipe, awe amepatikana mpangaji mpya au hajapatikana.