Shujaa wa Mbwaa: Binadamu au Mungu?

Mwanafunzi wa Mikinduri, katika nchi ya Watigania huko Meru, hufundishwa habari za Musa darasani na kusikia habari za Mbwaa kutoka kwa wazee wake, na si ajabu basi akiuliza kama kiongozi aliyewatoa Wameru utumwani alikuwa mtu kama watu wengine au alikuwa na uungu ndani yake. Swali hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa anayelijibu hulazimika kueleza uwezo unaookoa watu unatoka wapi.

Mbwaa ni jina la nchi ya asili iliyokuwa kando ya maji makuu, na wapo watafiti waliodhani kuwa ni kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Huko, kwa mujibu wa masimulizi, Wameru walitawaliwa na Nguo Ntune, yaani watu wa mavazi mekundu, ambao waliwatwisha majaribu yasiyowezekana: walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili, walete mbwa mwenye pembe, tena watoe tunda la mviringo lililotumbukizwa katika shimo refu na jembamba bila kulichoma. Koomenjoe, ambaye masimulizi mengine humwita Kaura o Bechau, aliwaongoza watu wake kuyashinda. Kiatu kilikatwa katika ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe, mbwa akafungwa pembe za paa, na tunda likaelea lenyewe shimo lilipojazwa maji. Ndipo ukaja mkuki: Nguo Ntune walidai mkuki mrefu wa kufika mbinguni, na hapo, katika usimulizi unaojulikana sana, werevu uligonga mwamba na watu wakaamua kutoroka. Walipofika majini kiongozi aliyapiga kwa fimbo yake, yakagawanyika, wakavuka kwa makundi: waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi, waliovuka alfajiri Ntune, yaani wekundu, na waliovuka mchana Njeru, yaani weupe.

Mpangilio huo unastahili kutazamwa kwa makini. Katika majaribu ya kwanza hamna muujiza wowote, bali mtu aliyetafakari kuliko aliyemtuma, na nguvu ipitayo maumbile hutokea tu baada ya akili kufikia ukomo wake, tena hutokea kwa mtu mwenye fimbo ambaye habari za kupaa kwake mbinguni hazisimuliwi.

Wamaya wa Guatemala wanaosema Kik'iche' wana mashujaa wa namna nyingine. Popol Vuh, kitabu chao cha asili ya ulimwengu, kinawasimulia pacha Hunahpu na Xbalanque walioitwa waende Xibalba, makao ya mabwana wa mauti, wakapewa mwenge na sigara zilizotakiwa zirudishwe asubuhi bila kuungua. Wakaweka manyoya mekundu ya kasuku mahali pa moto wa mwenge, na vimulimuli kwenye ncha za sigara. Hila ni ile ile ya Mbwaa. Lakini pacha hao huchomwa moto, mifupa yao husagwa na kutupwa mtoni, nao hufufuka na mwishowe hupanda angani na kuwa jua na mwezi. Wao ni sehemu ya uumbaji wenyewe, ilhali Koomenjoe huzaa taifa na koo zake tu, na uumbaji hubaki kwa Murungu, Mungu wa Wameru.

Wapo wanaosema kwamba kugawanyika kwa maji kulichukuliwa kutoka Biblia, kwa kuwa masimulizi ya Mbwaa yaliandikwa baada ya serikali ya kikoloni kufungua ofisi Meru mwaka 1908 na wamisionari kufuata. Shaka hiyo haipaswi kupuuzwa. Popol Vuh nayo iliandikwa kwa herufi za Kilatini katika miaka ya 1550, baada ya Wahispania kuteka nchi, na humo pia mababu huvuka bahari, wakikanyaga mawe yaliyojipanga. Hata hivyo Musa hakuombwa mbwa mwenye pembe, wala Farao hakumtega kwa vitendawili. Kiini cha habari ya Mbwaa, ambacho ni werevu wa mtumwa mbele ya bwana wake, hakiwezi kuwa kimeazimwa huko.

Ushahidi mwingine kwamba Koomenjoe alikuwa binadamu ni Mugwe, kiongozi wa dini wa Wameru aliyehesabiwa kuwa mrithi wa mkombozi huyo. Bernardo Bernardi, padre wa Consolata na mwanaanthropolojia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1959 kwamba Mugwe alibariki watu na kuwaombea, na kwamba mkono wa kushoto wa Mugwe wa Waimenti, kundi mojawapo la Wameru, ulikuwa mtakatifu. Aliheshimiwa mno, lakini baraka aliiomba kwa Murungu. Mrithi anayeomba hawezi kuwa amerithi uungu, na kwa hiyo walimu wa dini wanaomtaja Koomenjoe kama kivuli cha Musa wanapaswa kumsoma upya, kwa majaribu yake mwenyewe na kwa mkuki ule alioshindwa kuutengeneza.