Mji Uliopenda Habari

Kila mji una tabia yake. Watu wa Athene walipenda mno habari mpya. Kutwa sokoni waliulizana kulikoni. Miaka 400 hivi kabla ya Paulo, msemaji wao Demosthenes aliwakemea kwa ajili hiyo, maana Filipo wa Makedonia alikuwa akiwakaribia kwa vita, nao waulizana habari tu. Hawakuiacha.

Paulo alipofika (Matendo 17) alichukizwa na sanamu zao, lakini hakuwatukana. Alitembea, akatazama, akazungumza nao sokoni. Kisha akaanza hotuba yake na madhabahu waliyoijenga wenyewe kwa mungu wasiyemjua. Nawe mwalimu, yajue kwanza wayapendayo watu wa mji wako na wayachukiayo, ndipo unene.

Lakini waliposikia habari za ufufuo, wengine walicheka, wengine wakaweka siku nyingine. Wachache, kama Dionisio na Damari, wakaamini.

Basi, msikiaji, habari mpya huchakaa kesho. Bali yeye aliyefufuka yu hai, naye angoja jibu. Asikiaye kila Jumapili asigeuke, apita wapi watu wa Athene?